Mashine pepe ikikwama usiku wa manane, nani aikwamue?

Wiki hii sina habari za simu mpya wala programu ya kupakua bure. Nataka tuzungumzie kazi isiyopendeza macho, ile ambayo ikifanywa vizuri hakuna anayejua kwamba ilifanywa: kuandika skripti za kuamsha urudufishaji wa mashine pepe pale unapokwama. Wanaoshinda na seva watanielewa haraka. Wengine msikimbie, nitaeleza polepole.

Mashine pepe ni kompyuta inayoishi ndani ya kompyuta nyingine. Seva moja ya chuma inaweza kubeba tano, kumi au zaidi, na kila moja ikajiona iko peke yake duniani. Diski yake si diski, ni faili kubwa tu. Na kwa kuwa ni faili, inaweza kunakiliwa hadi seva iliyo mji mwingine, kisha kila badiliko linalotokea huku likapelekwa kule baada ya muda mfupi. Huo ndio urudufishaji. Kwa upande wa Microsoft kazi hii hufanywa na Hyper-V Replica, iliyokuja na Windows Server 2012. Mwanzoni ilituma mabadiliko kila dakika 5, upende usipende. Toleo la 2012 R2 likaongeza chaguo la sekunde 30 na la dakika 15. Pacha wa kule huwa amezimwa. Anapokea tu, akisubiri siku ambayo mwenzake atakufa.

Jambo ambalo wauzaji hawalitaji ni kwamba pacha anaweza kuacha kupokea na maisha yakaendelea kama kawaida. Hakuna king'ora. Wateja wanahudumiwa, ripoti zinatoka, mishahara inalipwa. Kuna alama nyekundu tu kwenye dirisha ambalo hakuna aliyelifungua.

Mwaka 2024 niliitwa na chama kimoja cha akiba na mikopo, makao yake Nairobi na tawi Nakuru. Waliniitia jambo jingine kabisa, ripoti ya mikopo iliyokuwa ikijikokota. Nilipofungua dirisha la Hyper-V kuangalia kumbukumbu ya seva, nikakuta mashine inayobeba leja ya wanachama ina alama hiyo nyekundu. Nakala ya Nakuru ilikuwa ya siku 11 nyuma. Hebu fikiria: siku 11 za akiba za walimu na wakulima wa maziwa, marejesho ya mikopo, dhamana zilizobadilishwa. Pesa nyingi huingia kupitia M-Pesa, hivyo zingeweza kufuatiliwa, lakini kuzipanga upya moja moja ni kazi ya majuma mengi, na wanachama hawangojei majuma wakiwa mlangoni.

Mkandarasi aliyeufunga mfumo alikuwa ameshaondoka zamani. Nikamuuliza kijana anayeshughulikia kompyuta pale.

"Kaka, huwa naibonyeza ikikwama," akanijibu. "Lakini nilikuwa likizo."

"Unabonyeza nini?"

"Pale kwenye Resume. Inaendelea."

"Kila mara ni hapo hapo?"

"Kila mara."

Sikuona sababu ya kumlaumu. Alikuwa amefanywa kuwa sehemu ya mashine, na sehemu hiyo ilikuwa na haki ya kwenda kwao kupumzika. Kazi ambayo binadamu anaifanya kila mara kwa njia ile ile, bila kufikiri, ni ya skripti.

Lakini kwanza, kwa nini inakwama? Kwetu sababu kubwa ni umeme. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili mmoja aliangukia transfoma katika kituo cha Gitaru na nchi nzima ikaingia gizani kwa saa kadhaa. Tumbili akapona, na nadhani ndiye pekee aliyetoka katika kisa kile bila kazi ya ziada. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 giza la nchi nzima likatokea tena, safari hiyo kwa muda mrefu zaidi. Hizo ndizo zinazoingia magazetini. Zinazoua urudufishaji ni zile ndogo za mtaani, za nusu saa, pamoja na tingatinga la barabara linalochimba na kukata faiba. Umeme unaporudi kila kifaa huamka kwa wakati wake: seva imeshawaka, swichi inafuata, ruta ya faiba inachelewa kama mgeni wa heshima. Hyper-V inajaribu kutuma, inashindwa, inajaribu tena, na baada ya majaribio kadhaa inatangaza hitilafu na kungoja mtu. Mtandao unaweza kurudi baada ya hapo, na yeye bado anangoja mtu.

Moyo wa skripti niliyoandika ni huu. Iko katika PowerShell, na inaendeshwa na kipanga kazi cha Windows kila dakika 10 kwenye seva ya Nairobi:

    $orodha = Get-VMReplication -ReplicationMode Primary
    $saa = (Get-Date).Hour
    foreach ($m in $orodha) {
      if ($m.State -eq 'Error') {
        Resume-VMReplication -VMName $m.VMName
      }
      if ($m.State -eq 'WaitingForStartResynchronize') {
        if ($saa -ge 20 -or $saa -lt 5) {
          Resume-VMReplication -VMName $m.VMName -Resynchronize
        }
      }
    }

(Saa 20 ya kompyuta ni saa mbili usiku ya binadamu. Nimeandika hivyo ndani ya skripti pia, kwa sababu najua siku moja mtu ataisoma akiwa na usingizi.)

Mistari hiyo michache haitoshi, ila inaonyesha kitu muhimu: kuna kukwama kwa aina mbili, na dawa si moja. Aina ya kwanza ni hitilafu ya kawaida. Wakati njia imekatika, Hyper-V inaendelea kuandika mabadiliko yote katika faili za kumbukumbu zilizo kando ya diski, zenye kiambishi .hrl. Njia ikirudi, anza kutuma ulipoishia, basi. Aina ya pili ni pale ambapo mfumo hauamini tena kumbukumbu hizo. Pengine seva ilizimika ghafla kabla hazijafungwa vizuri, pengine faili imevimba mpaka nusu ya ukubwa wa diski yenyewe. Hapo lazima pande zote mbili zisome diski zao kuanzia mwanzo hadi mwisho, zilinganishe kipande kwa kipande, kisha vitumwe vile vinavyotofautiana.

Wengi husikia "vinavyotofautiana tu" na kudhani kwamba ni kazi nyepesi. Kwa mtandao ni nyepesi, kwa diski sivyo. Kusoma gigabaiti 400 zote saa nne asubuhi, wakati watu wamepanga foleni kutoa karo, ni kuwafanya wote wangoje. Ndiyo maana aina ya pili inangoja usiku. Na katika skripti kamili kuna sharti la ziada kwamba mashine moja tu ndiyo ilinganishwe kwa wakati mmoja, ya leja ikitangulia. Baada ya umeme kukatika ghafla unaweza kukuta sita zote zinadai kulinganishwa, na ukizianzisha pamoja zinagombania diski ile ile mpaka alfajiri na hakuna inayomaliza.

Kuna hali ya tatu ambayo skripti haigusi kabisa, inayoitwa Suspended. Hiyo ina maana kuna mtu aliyesimamisha urudufishaji kwa mkono wake, labda anafanya matengenezo. Skripti inayomtangua mtu bila kumuuliza itazimwa na mtu huyo kabla ya mwezi kwisha, nami nitamuunga mkono. Kwa hali hiyo inatuma taarifa tu.

Taarifa nayo ina hadithi yake. Barua pepe haifai hapa, maana mara nyingi kilichokufa ni mtandao ule ule ambao barua ingepitia. Tulinunua modemu ya USB ya kawaida, tukaitia laini, tukaichomeka kwenye seva. PowerShell inaweza kufungua mlango wa modemu na kuiandikia amri zile za kale zinazoanza na AT; AT+CMGF=1 kuiambia tunataka maandishi, AT+CMGS na namba, kisha ujumbe. Ni teknolojia iliyozeeka, lakini haijali faiba imekatwa wapi. Skripti inajaribu mara 3. Ikishindwa mara ya tatu inaacha kujaribu na kutuma arafa kwa watu wawili, si mmoja, kwa sababu zile za likizo tumeshaziona.

Halafu nikajiuliza: skripti yenyewe ikifa, nani atajua? Ikinyamaza kwa sababu mambo ni shwari, na ikinyamaza kwa sababu imekufa, kimya ni kile kile. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na hawakuwa na seva. Kwa hiyo kila siku saa moja asubuhi inatuma arafa fupi: mashine ngapi zinarudufishwa sawasawa, na nakala ya leja iko nyuma kwa dakika ngapi. Arafa hiyo isipofika ndipo watu washtuke. Mama meneja, ambaye hakuwa na hamu yoyote na mambo ya PowerShell, ndiye aliyeipenda kuliko wote. Huisoma kabla ya chai.

Jambo jingine ambalo naona wengi wanaliruka: kabla ya kubonyeza Resume, skripti inaandika kwenye faili kilichotokea, saa ngapi, na maelezo ya hitilafu kama Windows ilivyoyaandika. Skripti inayoponya kimyakimya ni kama mtu anayemeza dawa ya maumivu kila siku bila kwenda hospitali. Baada ya miezi miwili tuliisoma faili ile pamoja na yule kijana. Sehemu kubwa ya hitilafu ilikuwa siku ya Alhamisi, jioni, karibu saa ile ile. Alhamisi kuna nini? Tukazunguka tukiuliza. Kumbe Alhamisi jioni ndipo fundi anapojaribu jenereta, na swichi ya mtandao ilikuwa imechomekwa ukutani moja kwa moja badala ya kwenye UPS. Tuliihamisha kwa waya wa nguvu wa bei ya chakula cha mchana. Hitilafu za Alhamisi zikaisha, na nilifurahia waya ule kuliko skripti nzima.

Sasa tufike kwenye mabishano.

Mfumo ulipotulia, mama meneja aliniita ofisini. "Kijana, kama kompyuta inaweza kujiamsha yenyewe, kwa nini isijihamishe yenyewe? Nairobi ikifa, Nakuru iwake. Mimi sitaki kupigiwa simu."

Ni swali la haki, na amri zenyewe ni fupi. Kwenye seva ya Nakuru unaandika Start-VMFailover, halafu Start-VM, na pacha anaamka. Kuifanya skripti iandike amri hizo pale inapoona Nairobi haijibu ni kazi ya alasiri moja. Nilikataa, na ningekataa tena.

"Mama," nikamwambia, "ukiwa Nakuru, Nairobi iliyokufa na Nairobi iliyokatiwa faiba zinafanana. Zote hazijibu."

Faiba ikikatwa, Nairobi iko hai na inaendelea kupokea pesa. Skripti ya Nakuru ikidhani mwenzake amekufa na kumwasha pacha, tunakuwa na leja mbili, zote zinajiita leja ya kweli. Mwanachama anatoa shilingi 5,000 Nairobi, mkewe anatoa 5,000 zile zile Nakuru kutoka akaunti ya pamoja, na kila leja inaona mambo ni sawa. Njia ikirudi hakuna amri ya kompyuta itakayoziunganisha. Fahali wawili hawakai zizi moja, na leja mbili vivyo hivyo. Hyper-V Replica haijihamishi yenyewe, na kwa maoni yangu waliosanifu hivyo walifanya jambo la busara. Mifumo inayojihamisha kwa usalama huwa na shahidi wa tatu, mahali pengine kabisa, anayeamua nani yuko hai. Chama hiki kina sehemu mbili tu.

Mama akafikiri kidogo. "Kwa hiyo tunataka mtu wa kuona kama Nairobi imekufa kweli?"

"Ndiyo."

"Si kuna soja?"

Nilicheka, kisha nikaacha kucheka, kwa sababu alikuwa sahihi. Soja wa usiku yuko mlangoni Nairobi, ana rununu yake isiyotegemea faiba ya ofisi, na anaweza kutazama kupitia kioo cha chumba cha seva akaona taa zinawaka au haziwaki. Huyo ndiye shahidi wa tatu.

Basi skripti ya kuhamisha ikaandikwa hivi. Haijianzishi. Mwenye zamu anaifungua Nakuru, nayo kwanza inajaribu kuifikia Nairobi kwa njia tatu tofauti na kuonyesha majibu. Kisha inamwambia apige simu kwa soja, na inauliza: umezungumza naye? Taa za seva zinawaka? Zikiwa zinawaka, inagoma kuendelea na kueleza kwa nini. Zikiwa zimezima, inamtaka aandike kwa herufi kubwa NAIROBI IMEZIMA, kamili, ndipo iendelee. Kubonyeza Y tu hakutoshi, kwa maana kidole chenye usingizi hubonyeza Y kabla macho hayajasoma. Pacha akishawaka inamwonyesha stakabadhi ya mwisho iliyomo, na kumpa nafasi ya kughairi kwa Stop-VMFailover kabla ya kuthibitisha kwa Complete-VMFailover. Baada ya kuthibitisha, alama za nyakati zilizotangulia hufutwa na hakuna kurudi nyuma.

Upande wa Nairobi nao ulihitaji adabu mpya. Kwa kawaida, umeme ukirudi seva huwasha mashine zake zenyewe, na leja ya zamani ingeamka bila habari kwamba Nakuru imeshika usukani. Kwa hiyo mashine ya leja tumeiondolea ruhusa ya kujiwasha. Kila seva ya Nairobi inapoamka, skripti inaiuliza Nakuru kwanza: umeshahamia huko? Ikijibiwa hapana, leja inawashwa. Ikikosa jibu, inatuma arafa na kungoja mtu. Hii ina gharama yake, sikuificha. Kuna asubuhi leja itachelewa dakika kadhaa kwa sababu faiba haijarudi na mwenye zamu yuko kwenye matatu. Mama alikubali. Alisema foleni ya dakika 20 anaweza kuieleza kwa wanachama, lakini leja mbili hawezi.

Kila Jumapili usiku kuna jaribio ambalo halimsumbui mtu. Skripti inaandika Start-VMFailover -AsTest, na Hyper-V inaunda mashine ya muda kutokana na nakala, bila kuiunganisha na mtandao, huku urudufishaji ukiendelea. Skripti inaiwasha, inangoja ipumue, kisha inaingia ndani yake kwa PowerShell Direct, njia iliyokuja na Windows Server 2016 inayopita kati ya seva na mashine yake bila mtandao wowote. Inaiuliza leja swali moja tu: stakabadhi yako ya mwisho ni ya saa ngapi? Jibu linakuja kwa arafa, na mashine ya muda inafutwa. Naliamini jibu hilo kuliko alama ya kijani. Kijani ina maana vipande vimefika. Stakabadhi ina maana kwamba leja inafunguka na kusomeka.

Kilichobaki ni vyeti. Urudufishaji huu unapitia mlango wa 443 na pande mbili hutambuana kwa vyeti vya usalama, na vyeti vina tarehe ya kwisha. Siku hiyo ikifika, Resume hata ubonyeze mara mia haitasaidia. Nimeongeza mstari kwenye arafa ya asubuhi unaotaja siku zilizobaki. Ya jana ilisema 41, na yule kijana ameshaniandikia kuuliza tunaanza lini.